Chuo cha Sheria cha Dar es Salaam na Kazi za Wanafunzi Wake

Siku hizi si ajabu kumwona wakili mwenye joho jeusi akiingia mahakamani kumtetea mtu wa kijiji chake. Katika miji mikubwa na midogo ya Kenya, Uganda na Tanzania mna mawakili, wanaume kwa wanawake, waliozaliwa na kusomeshwa papa hapa. Lakini kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Afrika ya Mashariki kilichofundisha sheria. Yafaa wasomaji wajue jinsi mambo yalivyogeuka, na jinsi wanafunzi wa chuo kimoja walivyozitumikia nchi tatu.

Safari ya Ulaya

Zamani, kijana aliyetaka kuwa wakili hakuwa na budi kuvuka bahari na kujiunga na vyama vya kale vya mawakili wa London. Safari hiyo ilitaka fedha nyingi, na serikali ya kikoloni haikupenda kutoa msaada kwa masomo hayo. Wakubwa walisema kwamba nchi yahitaji kwanza waganga, waalimu na mabwana shamba. Tena walijua kwamba mwenye kujua sheria hawi mwepesi wa kunyamazishwa. Kwa hiyo karibu mawakili wote waliokuwapo walikuwa Wazungu na Wahindi.

Wachache walifaulu hata hivyo. Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya. Aliporudi kutoka Uingereza aliona kwamba Mwafrika katika kazi ya serikali angelipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu mwenye elimu ile ile. Akafungua ofisi yake mwenyewe, na wakati wa Hali ya Hatari aliwatetea watu wengi walioshitakiwa kwa makosa ya Mau Mau, ambayo baadhi yake adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Bwana Charles Njonjo naye alisoma London, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa na wanasheria wa kuhesabiwa kwa vidole.

Wanafunzi kumi na wanne

Katika mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda halmashauri ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, na mwenyekiti wake alikuwa jaji mashuhuri, Lord Denning. Halmashauri hiyo ilipendekeza kwamba sheria ifundishwe katika Afrika ya Mashariki yenyewe, mjini Dar es Salaam.

Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, chuo kilifunguliwa. Hakikuwa na majengo yake. Masomo yalianza katika jumba la chama cha TANU, kwenye barabara iitwayo sasa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14 tu, na somo la sheria ndilo lililotangulia masomo mengine yote. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, mahali kilipo hata leo.

Katika mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Kila chuo kilipewa masomo yake maalumu, na sheria ikabaki Dar es Salaam. Ndiyo sababu vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa darasa moja, wakala meza moja na kujuana kwa majina. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970. Kufikia wakati huo Makerere ilikuwa imeanza kufundisha sheria, na Nairobi nayo ikaanza mwaka huo huo.

Mambo waliyofundishwa

Sheria ni kama nyumba aliyoachiwa mtu na mgeni. Haitoshi kujua milango iko wapi. Lazima pia kuuliza ilijengwa kwa ajili ya nani. Waalimu wa Dar es Salaam, kama Bwana William Twining na Bwana Yash Pal Ghai, mzaliwa wa Kenya aliyeanza kufundisha huko mwaka 1963, hawakutaka mwanafunzi akariri kesi za Uingereza tu. Walimtaka ajifunze pia sheria za mila, historia ya nchi na hali ya watu wenyewe, ili ajue kwa nini mkulima aweza kushindwa kesi ya shamba alilolima tangu zama za babu yake. Tangu mwaka 1968 chuo kilichapisha jarida lake la sheria za Afrika ya Mashariki.

Ni vema kueleza hapa jambo ambalo wengi hulichanganya. Shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu, mhitimu hana budi kujifunza kazi yenyewe: kuandaa mashitaka, kuwahoji mashahidi, kutunza fedha za wateja na kushika adabu za mahakama. Kwa kazi hiyo Kenya ilianzisha Chuo cha Sheria cha Kenya, Nairobi, mwaka 1963. Mtu hukubaliwa kuwa wakili baada ya kufuzu mafunzo hayo na kula kiapo.

Wanawake waliotangulia

Bibi Julie Manning aliingia chuoni mwaka 1963, akiwa mwanamke pekee aliyesoma sheria hapo. Baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata cheo hicho, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Kutoka Kenya alikuja Bibi Effie Owuor, aliyehitimu mwaka 1967. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa wakili wa serikali, wa kwanza kuwa hakimu, na wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1993 alipewa uongozi wa jopo lililochunguza sheria zinazowahusu wanawake, kama vile sheria za ndoa na urithi.

Majaji wakuu

Nchi zote tatu zimepata Majaji Wakuu kutoka chuo hicho. Uganda ilimpata Jaji Benjamin Odoki, aliyeshika kazi hiyo tangu 2001 hata 2013. Tanzania ilimpata, pamoja na wengine, Jaji Augustino Ramadhani, 2007 hata 2010. Huyu alikuwa pia brigadia wa jeshi na Jaji Mkuu wa Zanzibar, na tangu 2014 hata 2016 alikuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha.

Kenya ilimpata Dakta Willy Mutunga, aliyehitimu mwaka 1971. Alipokuwa mwalimu wa sheria Nairobi alikamatwa mwaka 1982, akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa hata mwaka 1983. Mwaka 2011 mtu huyo huyo aliulizwa maswali mbele ya wananchi wote, akachaguliwa kuwa Jaji Mkuu, akatumika hata 2016. Mtu aliyenyimwa mahakama ndiye aliyekabidhiwa mahakama zote za nchi.

Wala wahitimu hawakushika njia moja. Bwana Amos Wako alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kwa miaka 20, tangu 1991 hata 2011. Profesa Issa Shivji yeye alibaki chuoni akifundisha na kuandika. Mwaka 1991 serikali ya Tanzania ilimpa uongozi wa tume ya kuchunguza mambo ya ardhi. Tume ilizunguka vijijini kusikiliza malalamiko, ikashauri kwamba mamlaka ya juu juu ya ardhi yasiwe mikononi mwa Rais. Sheria za ardhi zilipotungwa mwaka 1999 shauri hilo kuu halikufuatwa, lakini maneno ya wanakijiji yalikuwa yamekwisha andikwa.

Katiba za nchi tatu

Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili: nchi hizi tatu zilipotaka kuandika katiba mpya, kila moja ilimkabidhi kazi mtu wa chuo hicho. Jaji Odoki aliongoza tume ya Uganda tangu 1989, na katiba ikapatikana mwaka 1995. Profesa Ghai, mwalimu wa zamani, aliongoza tume ya Kenya tangu mwaka 2000. Rasimu iliyopelekwa kwa wananchi mwaka 2005, baada ya kubadilishwa, ilikataliwa, na katiba mpya ikakubaliwa mwaka 2010. Jaji Joseph Warioba, aliyehitimu mwaka 1966 na kuwa Waziri Mkuu tangu 1985 hata 1990, aliongoza tume ya Tanzania tangu mwaka 2012. Rasimu yake ilipendekeza serikali tatu, Bunge Maalumu likaibadilisha, na kura ya wananchi iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Hapa wasomaji wataona kwamba mwanasheria, hata awe hodari namna gani, huandika tu. Kukubali au kukataa ni kazi ya wengine.

Sheria kwa lugha inayoeleweka

Kazi moja imebaki. Kwa miaka mingi mtu alihukumiwa katika mahakama za juu kwa Kiingereza, akatoka akimwuliza karani kama amefungwa au ameachiliwa. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nchini Kenya, katiba ya 2010 yasema kwamba mshitakiwa asiyeelewa lugha ya kesi ana haki ya mkalimani bila malipo, na kwamba serikali itampa wakili ikiwa kumkosa kutaleta udhalimu mkubwa.

Haki hizi huwafaa wale wazijuao. Mtu aliyeitwa mahakamani asione haya kusimama na kusema, “Mheshimiwa, sielewi lugha hii.” Hakimu ana wajibu wa kumsikiliza, na kesi haina budi kungoja mpaka mkalimani apatikane.