Kurosawa Kifuani, Mkulima Shingoni

Fulana ya pamba hai yenye picha ya Akira Kurosawa, na ile kofia yake na miwani myeusi, humfikia mnunuzi na maneno mawili. La kwanza liko kifuani: linamsifu mwongozaji wa filamu wa Kijapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1910 na kufariki mwaka 1998. La pili limejificha nyuma ya shingo, kwenye kilebo kidogo kinachoeleza pamba yake ililimwaje. Wengi hulisoma la kifuani tu, na la shingoni wakalichukulia kama kisingizio cha kupandisha bei. Mimi nasema wamegeuza mambo. Mtu akizichukua filamu za Kurosawa kwa uzito wake, kilebo ndicho kinachomheshimu zaidi. Picha hata ikikosekana, hasara si kubwa.

Ushahidi uko ndani ya Samurai Saba, filamu yake ya mwaka 1954. Kisa chake kinaanzia kwenye mavuno: majambazi wanapanga kurudi kijijini shayiri itakapokomaa, na wanakijiji wasio na fedha wanakwenda kutafuta wapiganaji wa kuwalinda kwa ujira wa wali tu, huku wao wenyewe wakila nafaka duni. Katikati ya maandalizi ya vita, samurai mmoja mcheshi aitwaye Heihachi anatengeneza bendera. Itazame vizuri bendera hiyo. Juu kuna duara sita za samurai sita. Kisha kuna pembetatu moja ya Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejifanya samurai. Chini kabisa imeandikwa herufi moja ya Kijapani, “ta”, inayosimama badala ya wakulima wa kijiji kile. Mbeba bendera yeyote amebeba na mashamba. Na vita vinapokwisha, samurai wanne kati ya saba wakiwa kaburini, kiongozi wao anakiri kwamba walioshinda ni wakulima, ambao wakati huo wako matopeni wanapanda mpunga na kuimba. Kwa hiyo mtu anayemsifu mwongozaji wa kisa hicho kwa kitambaa ambacho mkulima wake hakulipwa vizuri, au alivuta sumu ya dawa msimu mzima, ameitazama filamu nusu.

Kurosawa mwenyewe hakudharau kitambaa. Alianza kama mchoraji, na uzeeni alikuwa akichora kwa rangi matukio ya filamu kabla kamera haijawashwa. Mavazi ya filamu yake Ran ya mwaka 1985 yalitengenezwa kwa mikono kwa zaidi ya miaka miwili, na mbunifu wake, Emi Wada, akapata tuzo ya Oscar. Fulana ambayo picha yake inabanduka baada ya kufuliwa mara tatu ni kejeli kwa mtu wa namna hiyo.

Sasa hiyo pamba hai ni kitu gani? Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, Tanzania, inalimwa tangu miaka ya 1990, na sehemu yake imewahi kufika hadi viwanda vya Japani. Mkulima hatumii mbolea ya viwandani wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anaweka samadi, anabadilisha mazao shambani, na kwa funza wa vitumba anategemea mwarobaini na wadudu rafiki wanaovutwa na alizeti iliyopandwa kati ya mistari ya pamba. Shamba lililozoea dawa husubiri miaka miwili au mitatu kabla mavuno yake hayajatambuliwa kuwa ya kilimo hai, na katika muda huo mara nyingi mkulima anabeba kazi yote bila bei kamili ya ziada. Hapo ndipo fedha ya mnunuzi wa fulana inapotakiwa kufika.

Watakuwapo wa kubisha, na hoja zao zina uzito. Wapo watakaosema kilimo hai mara nyingi hutoa kilo chache kwa ekari, na kwamba lebo hughushiwa. Yote ni kweli: mwaka 2020 wasimamizi wa GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, walifichua udanganyifu mkubwa wa vyeti vya pamba nchini India. Lakini udanganyifu huo ulijulikana kwa sababu kulikuwa na karatasi za kufuatilia mzigo kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba hadi kwa mshonaji. Pamba ya kawaida haina hata karatasi ya kughushi. Ninachokiona hapo ni sababu ya kuikagua lebo, si ya kuitupa. Kwa mujibu wa kiwango cha GOTS, nguo haiitwi ya kilimo hai mpaka angalau asilimia 95 ya nyuzi zake ziwe hivyo; anayeuza “asili” bila cheti anauza kivumishi.

Wengine watasema hii ni biashara tu, msanii amegeuzwa tangazo, na nusu ya wavaaji hawajawahi kuona filamu yake hata moja. Biashara haikumtia Kurosawa kinyaa. Kilichomkera ni kutolipwa. Mwongozaji Mwitaliano Sergio Leone alipoigeuza Yojimbo, filamu ya Kurosawa ya mwaka 1961, kuwa filamu ya wachunga ng'ombe mwaka 1964 bila ruhusa, Wajapani walidai haki yao, na inaelezwa kwamba mapatano yaliwapa asilimia 15 ya mapato. Fulana isiyolipia haki za picha inarudia kosa lile lile kwa pamba. Na kuhusu wavaaji wasioijua filamu, watu wa pwani yetu wana mazoea mazuri zaidi: hakuna anayejifunga kanga bila kusoma jina lake, maana jirani atalisoma.

Kama ningeulizwa na mchapaji, ningemshauri aache uso na achape duara sita, pembetatu na ile herufi ya wakulima. Samurai Saba ina dakika 207. Itazame kwanza, uione bendera hiyo ikisimikwa juu ya paa baada ya aliyeitengeneza kuzikwa, ndipo ugeuze kola ya fulana dukani usome kilebo.