Mkalimani Aliyefichiwa Maneno: Kuendesha Programu Ngeni za Michoro Nakivale na Mbarara

Somo la Kiswahili lenye madirisha na vitufe, likinakiliwa Mbarara kwa flashi, laweza kufunguliwa Nakivale kwenye kompyuta ileile inayohifadhi taarifa za wakimbizi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mtunza data azilinde. Makala hii inafafanua njia mojawapo.

Lugha ya programu ya Tcl, iliyoasisiwa na John Ousterhout, ina mkalimani salama. (Nalipendelea neno mkalimani kuliko kifasiri: mkimbizi anamjua vyema mtu asimamaye kati yake na mwenye mamlaka.) Programu ngeni hupewa mkalimani wake, aliyefichiwa amri za kufungua faili, kuendesha programu nyingine na kuunganisha mtandao. Haikatazwi kufuta faili. Haina neno la kuombea jambo hilo. Ikihitaji kweli kusoma faili, ombi hupitia kwa mkalimani mkuu, naye huamua.

Michoro huleta hatari ya pekee. Dirisha laweza kujifanya la ofisi na kuomba nywila, au kuteka kipanya na kibodi. Ndiyo maana Tk, nyongeza ya michoro, ikipakiwa humo hufichiwa amri za kufungua dirisha huru, kuteka vifaa hivyo na kusoma ubao wa kunakilia. Programu huchora ndani ya fremu iliyopewa tu.

Mzunguko usiokoma bado waweza kuilemea mashine. Kikomo cha muda kipo tangu toleo la 8.5, lakini hakijiwashi: mwendeshaji hana budi kukiweka mwenyewe.