Rusizi: bustani ya maji kwenye mlango wetu



Ukitoka Kavimvira kwenda Bujumbura, unavuka mto Rusizi. Kule chini, mto unaingia ziwani katikati ya matete, viboko na mamba. Mahali pale pana historia inayotuhusu.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nile. Walitumaini kwamba Rusizi inatoka ziwani. Watu wa hapa wakawaambia: hapana, inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kujionea, wakakuta ni kweli. Wenye maji yao walikuwa wanayajua.

Mwaka 1980 Burundi iliiweka delta hiyo chini ya ulinzi wa sheria. Lakini mji ulikuwa unakua karibu, na watu walihitaji mashamba, malisho na matete ya kujengea. Mwaka 2000 mbuga ilishushwa cheo ikawa hifadhi tu. Mwaka 2002 iliandikwa katika mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya majimaji duniani, na mwaka 2011 ikarudishiwa jina la mbuga ya taifa.

Sisi wa Uvira inatuhusu nini? Matete yanapunguza mbio za maji, udongo wa mlimani unatua kabla ya kuchafua ziwa. Kambale wanataga humo. Mawimbi yanavunjikia humo kabla ya kufika nyumbani.

Matete hayawezi kuzuia ziwa kupanda. Lilipanda sana mwaka 1964, likapanda tena 2020 na 2021, na mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba Gatumba na hapa kwetu. Lakini penye matete ni mahali pa maji. Tukikata na kujenga pale, maji yakirudi yanatukuta tumelala na watoto.

Basi, katika kikundi chenu wiki hii, zungumzeni haya:

- Kabla ya kununua kiwanja karibu na ziwa, ulizeni wazee: mwaka 1964 maji yalifika wapi?
- Msichome matete, wala msiyang'oe na mizizi.
- Msitume watoto kuchota maji jioni kwenye matete. Viboko na mamba wako humo.

Burton aliwauliza wenyeji wa Uvira habari za maji, wakamjibu sawasawa. Na sisi tuwaulize wazee wetu wangali hai.