Kazi Mpya Mlangoni: Tupime Kabla ya Kuhama

Miongoni mwa maombi yanayoletwa mara kwa mara katika ofisi ya msikiti ni hili: ndugu ameitwa kwenye kazi mpya, bado yumo katika kazi ya zamani, na anataka sheikh amswalie istikhara ili ajue kama aende au abaki. Nia ni njema. Lakini tukimuuliza atakachopokea mkononi ni kiasi gani, mkataba ni wa muda gani na mkewe anasemaje, mara nyingi jibu huwa ni kimya. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili katika kurasa za familia, kwani anayehama kazi hahami peke yake.

Istikhara ni sunna iliyothibiti. Jabir bin Abdillah (RA) amesimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwafundisha Maswahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'an. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Mafundisho hayo yanamwelekea mwenye jambo mwenyewe, tena aliyekwisha kuliazimia. Wala hayakutaja ndoto. Kwa hiyo istikhara haichukui nafasi ya kuchunguza na kushauriana, huja kuvikamilisha.

Tukiizingatia dua yenyewe, tutaona kuwa mja anaomba kheri katika mambo matatu: dini yake, maisha yake na mwisho wa jambo lake. Hizo ni mizani tatu, nasi tutazifuata moja baada ya nyingine.

Mizani ya dini

Swali la kwanza ni uhalali wa kazi yenyewe. Mhasibu anayeitwa kuandika mikopo ya riba akumbuke kwamba Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim haikumlaani mla riba peke yake. Imemtaja pia mwandishi wake na mashahidi wake. Swali la pili ni nafasi ya ibada: je, zamu za kazi zitaruhusu Adhuhuri na Swala ya Ijumaa? Hilo huulizwa kabla ya kutia saini, kwa adabu na uwazi.

Mizani hii hupima pande zote mbili. Yupo ambaye kazi yake ya sasa ndiyo yenye kasoro, akaitwa kwenye kazi ya mshahara mdogo lakini ulio safi. Huyo asiuite upungufu huo hasara.

Mizani ya maisha

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa na tarakimu. Tuchukue hesabu ya ndugu mmoja mtunza stoo, anayeishi Mbagala katika nyumba ya wazazi pamoja na mama yake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 900,000 kwa mwezi, akaitwa Dodoma kwa shilingi 1,300,000. Alipokuja kwetu alikuwa akisema, "Nimeongezewa laki nne."

Tukakaa na kalamu. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, kisha kuna kodi ya mapato kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021. Kwa mshahara wa zamani, mchango ni 90,000 na kodi ni 80,500, hivyo hubaki 729,500. Kwa mshahara mpya, mchango ni 130,000 na kodi ni 179,000, hivyo hubaki 991,000. Nyongeza halisi si laki nne, bali ni 261,500. Dodoma hana nyumba, na kodi ya pango aliyotajiwa ni 150,000 kwa mwezi. Zikabaki 111,500.

Tukamwomba aende nyumbani akashauriane na mkewe kabla ya kuendelea. Aliporudi alikuja na hesabu ambayo hakuwahi kuifanya. Mkewe hupika vitumbua vya asubuhi na hupata faida ya wastani wa shilingi 4,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni 104,000, nazo zinategemea wateja wa mtaa ule ule waliomzoea. Pato hilo ni mali yake mwenyewe kisheria, wala si wajibu wake kulisha nyumba; lakini ndilo alilokuwa akinunulia madaftari ya watoto na dawa za mama mkwe. Ukilitoa, laki nne zimekuwa shilingi 7,500, kabla ya kutaja nauli za kuja kumwona mama.

Qur'an Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 233, imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa mtoto mmoja haachishwi ziwa bila mashauriano, vipi familia nzima ing'olewe mji kwa uamuzi wa mtu mmoja?

Mizani ya mwisho wa jambo

Mwisho wa jambo hauonekani, lakini zipo dalili zake katika karatasi. Ndugu yetu alikuwa na ajira isiyo na kikomo kwa miaka minane. Alikoitwa ni mkataba wa mwaka mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimpi mfanyakazi aliyetimiza chini ya miezi 6 kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kiinua mgongo cha kisheria nacho, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapovunja ajira, si pale mfanyakazi anapojiuzulu. Aliyekuwa mwenyeji anakuwa mgeni upya.

Basi asijiuzulu mtu kwa ahadi ya simu. Aipate barua, aisome yote, aulize kuhusu muda wa majaribio, na ajue kama posho ni nyongeza au imo ndani ya mshahara uliotajwa.

Ndugu yetu aliomba nyumba au mkataba mrefu zaidi. Hakupata vyote viwili. Akaswali istikhara, akaandika barua ya shukrani, akabaki. Hatusemi kwamba kubaki ndiko kheri daima. Kama nyumba ingetolewa, hesabu ingegeuka, na anayebaki kwa woga tu hana ubora kuliko anayehama kwa tamaa.

Kuondoka kwa wema

Kwa anayeamua kuhama, kigezo chake kimo katika Surat al-Qasas. Nabii Musa (AS) aliajiriwa kwa masharti yaliyo wazi: miaka minane, na kama angetimiza kumi, ni kwa hiari yake. Ibn Abbas (RA) ameeleza kuwa alitimiza muda ulio mrefu zaidi. Kisha ndipo alipoondoka, akiwa pamoja na ahli zake.

Kwetu sisi, kutimiza ahadi huanza na notisi ya maandishi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Akabidhi funguo, vitabu na madeni yote ya kazini. Asijifanye mgonjwa ili aanze kule kabla ya kumaliza huku, wala asibebe siri za wateja. Naye adai haki zake: malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi.

Baada ya kupima, kushauriana na kuswali, mja ashike njia anayofunguliwa na asijute kila siku. Dua ya istikhara humalizika kwa kumwomba Allah (SW) aturidhishe na kheri aliyotuchagulia. Ridhaa hiyo nayo ni riziki, kwa anayehama na kwa anayebaki.

Wabillahi tawfiq.