HEAD bila tawi: namna komiti zangu tatu zilipotea

Bandugu, mwezi wa sita nilikuwa na hesabu za mahindi ya shamba la majaribio, hapa Likasi: parseli 12, sita zenye chokaa ya Kakontwe, sita bila kitu. Wazee wenye shamba walikuwa wananingoja niwaambie kama wanunue chokaa ama waache. Programu ya kuhesabu naitunza mu Git. Matokeo yakasema chokaa inapunguza mavuno. Kwa udongo wetu huu wenye asidi? Nikarudi kwa komiti ya zamani (komiti ya Git, si ile ya mkutano) nitafute kosa liliingia wapi.

Nikaandika `git checkout 4e1c9a7`. Git ikaleta maneno marefu ya "detached HEAD". Nani anasoma ile? Nikasahihisha, nikafanya komiti tatu, umeme ukaenda. Kesho yake `git checkout main`: kazi haiko. Hata ilinionya kwamba naacha komiti tatu nyuma. Nayo sikusoma.

Wengi wetu tunafikiri tawi ni kopi ya kazi nzima. Hapana. Tawi ni jina tu, mara nyingi kafaili kadogo kenye herufi 40 za namba ya komiti ya mwisho. Na HEAD ni faili pia. Kawaida imeandikwa `ref: refs/heads/main`, maana yake "niko juu ya tawi main". Ukifanya komiti, Git inaangalia HEAD, inaona tawi, inalisogeza mbele. Lakini ukienda moja kwa moja kwa namba ya komiti, HEAD inashika ile namba na jina la tawi halimo tena. Komiti mpya zinaandikwa vizuri, kila moja inajua mzazi wake, ila hakuna tawi linalosogea nazo. Ukiondoka, hakuna jina la kuzifikia. Ni sawa na parseli isiyo na kibao: mahindi yapo, nenda sasa ujue ni ya nani.

Kupotea, kumbe, si kufutwa. `git reflog` inaonyesha kila mahali HEAD ilipita, na komiti za namna hii inazikumbuka siku 30, kama hujabadilisha kitu. Nikapata namba ya ile ya mwisho, nikaandika `git branch chokaa 9b02d5e`. Zote tatu zikarudi, maana ya mwisho inawavuta wazazi wake. Kisha `git merge chokaa`.

Kama ungali kule kule, ni rahisi zaidi: `git switch -c chokaa`, basi. Amri ya `switch` ilikuja mu 2019, na mimi naipendelea: inakataa kukupeleka kwa namba tupu mpaka uongeze `--detach`.

Kosa lenyewe? Nilikuwa nimeandika 0 kwa parseli zenye chokaa na 1 kwa zile hazina. Wazee walinunua mifuko yao wiki ile ile.