Sonko, Gavana Aliyekaa Bila Naibu

Anayetaka kumwelewa Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, asianzie bungeni wala mahakamani. Aanze na gari la maiti.

Sisi wakazi wa Eastlands jijini Nairobi, upande wa Makadara, gharama za msiba tunazijua vizuri. Mtu akifariki Jericho au Maringo, majirani huitana jioni hiyo hiyo kwenye kikao cha mchango. Kuna bili ya hospitali ambayo isipolipwa mwili hautoki. Kuna ada ya mochari inayopanda kila siku. Kuna jeneza. Halafu kuna safari ya kumpeleka marehemu nyumbani, iwe Siaya, Kisii, Kakamega au Makueni, na hiyo safari ndiyo inayozidi familia nguvu. Sasa chukua familia kama hiyo, mchango umefika nusu, halafu inapigwa simu moja tu na kesho yake alfajiri gari linasimama nje ya ploti, tangi limejaa mafuta, dereva hadai hata senti. Watu wale hawatasahau. Watoto wao nao watasimuliwa.

Mbuvi Gidion Kioko, anayejulikana na wote kama Mike Sonko, alilielewa jambo hilo kuliko mwanasiasa yeyote wa Nairobi niliyemfuatilia. Kikosi chake, Sonko Rescue Team, kilikuwa na magari ya maiti, ambulensi, magari ya kuzima moto, malori ya maji, hata magari ya maharusi. Siku moja mifereji ilipokuwa mikavu mtaani kwetu, lori lake liliingia. Vijana wakashusha mpira, akina mama wakapanga mitungi ya manjano ukutani, na kwa muda mfupi foleni ikawa na utaratibu kuliko foleni ya ofisi yoyote ya serikali. Jirani yangu, mama mwenye kibanda cha mboga, aliniambia huku akifunga mtungi wake, "Huyu tunamwona. Wale wengine tunawasikia redioni." Sijasikia maelezo bora zaidi ya kura alizopata Sonko.

Na kura alizipata kweli. Alizaliwa Mombasa mwaka 1975. Ujana wake una doa ambalo wapinzani wake hawakuchoka kulitaja: aliwahi kufungwa katika gereza la Shimo la Tewa, na mwaka 1998 akatoroka kifungo. Mwenyewe hakulificha. Alieleza hadharani kwamba alitoka kwa ajili ya mazishi ya mamake. Msikilizaji wa tabaka la kati alisikia habari ya mhalifu. Kijana wa Kaloleni alisikia habari ya mtoto aliyempenda mama. Tangu hapo kila kashfa yake ilisomwa hivyo mara mbili, na waliokuwa wakimshambulia hawakulitambua hilo mapema.

Siasa aliingia Septemba 2010, katika uchaguzi mdogo wa Makadara ulioitishwa baada ya mahakama kufuta ushindi wa Dick Wathika, aliyepata kuwa meya wa Nairobi. Sonko aligombea kwa chama kidogo cha Narc-Kenya, akamshinda Wathika pamoja na Reuben Ndolo, mbunge wa zamani. Bungeni alitolewa nje kwa kuvaa hereni na miwani ya jua. Mwaka 2013 Katiba mpya ilipoleta kaunti na Seneti, akawa seneta wa kwanza wa Nairobi kwa kura zaidi ya 800,000. Mwaka 2017 akamshinda Gavana Evans Kidero kwa kura zaidi ya 870,000.

Hapa ndipo mambo yalipobadilika, na inafaa tuyaeleze polepole.

Mbunge anaweza kuwa msamaria. Seneta pia. Kazi zao rasmi ni kutunga sheria na kusimamia serikali, na mpiga kura wa kawaida haoni zinavyofanyika, kwa hiyo lori la maji linajaza pengo hilo. Gavana ni kitu kingine. Tangu Katiba ya 2010, yeye ndiye mkuu wa serikali ya kaunti: hospitali za kaunti, takataka, barabara za mitaa, masoko, maegesho, wazima moto, vibali vya ujenzi, askari wa kanjo, vyote viko chini yake. Mtu aliyejenga jina kwa kuziba mapengo ya City Hall, makao ya serikali ya jiji, sasa alikuwa ndiye City Hall.

Mfano unaonikaa akilini ni wa Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka 1926, ambako maelfu ya wana Eastlands tumezaliwa au tumejifungua. Septemba 2018, baada ya malalamiko kuhusu vifo vya watoto, Sonko aliingia pale ghafla, kamera zikiwa nyuma yake. Yalifunguliwa maboksi ya katoni, na ndani yake kulikuwa na miili ya watoto wachanga 12 iliyofungwa kwenye mifuko. Nchi nzima iliona. Papo hapo akawasimamisha kazi wakuu wa hospitali.

Nililia nilipoona picha zile, na siku ile nilimshukuru kwa kufungua mlango ambao wengine waliuacha umefungwa. Lakini hasira ilipotulia, swali lilibaki. Pumwani ilikuwa hospitali ya nani? Ilikuwa ya kaunti, na gavana wa kaunti alikuwa Sonko, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alivamia hospitali yake mwenyewe kana kwamba ni kiongozi wa upinzani aliyefumania serikali ya mtu mwingine. Bajeti ya Pumwani, idadi ya wauguzi, majokofu ya kuhifadhia miili, hayo yalikuwa mezani kwake tangu siku alipoapishwa.

Desemba ya mwaka huo huo akapiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Msongamano ni kero ya kweli na lazima mtu aishughulikie, lakini mabasi ya umma ya kuwapokea abiria pale walipoteremshwa hayakuwepo. Maelfu walitembea kwa miguu, wakiwemo wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Amri ikasitishwa upesi.

Tatizo kubwa zaidi halikuonekana barabarani. Mgombea mwenza wake mwaka 2017 alikuwa Polycarp Igathe, aliyetoka kuongoza kampuni ya mafuta ya Vivo Energy Kenya. Wengi wetu tuliipenda jozi ile: mmoja anajua mitaa, mwingine anajua kuendesha shirika. Januari 2018, miezi mitano tu baada ya kuapishwa, Igathe alijiuzulu akisema hakufaulu kupata imani ya bosi wake ili asimamie kaunti. Kiti cha naibu gavana kikabaki wazi. Sonko akampendekeza Miguna Miguna, mwanasheria ambaye serikali ilikuwa imemfukuza nchini kwa nguvu, na pendekezo hilo halikufika popote. Mwaka 2018 ukapita. Wa 2019 nao ukaenda. Gavana mwenyewe mara nyingi alifanyia kazi nje ya City Hall, katika ofisi yake binafsi ya Upper Hill na nyumbani kwake Mua Hills, ambako hata si Nairobi, ni kaunti ya Machakos.

Kukaa bila naibu kulionekana jambo dogo hadi tarehe 6 Desemba 2019. Siku hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, aliagiza gavana akamatwe, na Sonko akakamatwa Voi akielekea Pwani. Akarudishwa Nairobi kwa helikopta na kushtakiwa kwa makosa ya ufisadi yanayohusu shilingi milioni 357. Alikana yote. Hakimu Douglas Ogoti alimpa dhamana ya shilingi milioni 15 pesa taslimu, pamoja na sharti moja: asikanyage ofisini mpaka kesi iishe.

Sharti hilo lilikuwa na msingi. Miezi michache kabla, Gavana Ferdinand Waititu wa Kiambu alizuiwa vivyo hivyo. Lakini Kiambu ilikuwa na naibu gavana, James Nyoro, naye akashika usukani. Nairobi haikuwa na mtu. Gavana yupo kisheria, ila haruhusiwi kuingia ofisini. Wa kumkaimu hakuna. Na mtu pekee mwenye mamlaka ya kumteua naibu ni huyo huyo aliyezuiwa mlangoni. Sonko alimteua Anne Kananu Januari 2020, uteuzi ukaishia mahakamani. Jiji la watu zaidi ya milioni nne likawa nyumba iliyofungwa na ufunguo uko ndani.

Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu, Sonko alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi nne kuu: afya, uchukuzi, mipango ya jiji, na ujenzi wa umma. Katiba inaruhusu kaunti kufanya hivyo, na mkataba ulitiwa sahihi mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Ikaundwa Nairobi Metropolitan Services, NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi wa Jeshi la Anga. Baadaye Sonko aligeuka akadai alileweshwa kabla ya kutia sahihi. Kwangu mimi, hata tukikubali maelezo hayo neno kwa neno, yanamhukumu. Kura zaidi ya 870,000 zilikuwa za kulinda mamlaka yetu, na mwenye kuzibeba hakupaswa kuingia katika chumba kile bila wakili na bila kuwa timamu.

NMS ilichimba visima katika mitaa ya mabanda na kujenga hospitali mpya, na sitawanyima sifa yao. Lakini hatukumpigia kura jenerali, wala hatungeweza kumwondoa. Raia aliyekuwa na malalamiko hakujua aende wapi, City Hall au KICC zilikokuwa ofisi za NMS.

Vita vya mwisho vikawa vya pesa. Bajeti ya kaunti ilikuwa shilingi bilioni 37.5, na bilioni 27.1 kati ya hizo ziliwekwa upande wa NMS. Sonko akakataa kuidhinisha. Desemba 3, 2020, wawakilishi wa wadi 88 walipiga kura ya kumwondoa, kwa mashtaka ya kukiuka Katiba, kutumia vibaya mamlaka na mwenendo mbaya. Sonko alikuwa Kwale na kundi kubwa la wawakilishi, akauliza hao 88 wametoka wapi ikiwa wengine anakula nao huko ufuoni. Kwa kuwa wengi walipiga kura kwa mtandao, lilikuwa swali la haki kuulizwa. Hata hivyo Desemba 17 Seneti ilimwondoa kwa kura 27 dhidi ya 16. Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, alishika kiti kwa muda, kisha Kananu, ambaye hatimaye aliidhinishwa kuwa naibu Januari 2021, akaja kuwa gavana mwezi Novemba mwaka huo. Jiji likaongozwa na mtu ambaye jina lake halikuwahi kuwekwa kwenye karatasi ya kura.

Marafiki zangu hubishana kuhusu kilichomwangusha. Wengine husema alionewa kwa sababu aliigomea NMS. Yamo ya kweli: alipotia sahihi bila ubishi aliachwa, na mwaka huo huo alipokataa kutoa pesa akaondolewa. Ila mimi naona mlango ulifunguliwa zamani, Januari 2018, na aliyeufungua ni yeye. Angekuwa na naibu, hakimu angemzuia mtu mmoja tu, na serikali tuliyoichagua ingeendelea kufanya kazi.

Mwaka 2022 alijaribu kurudi kupitia Mombasa alikozaliwa, akiomba ugavana kwa tiketi ya chama cha Wiper. Machi mwaka huo Marekani ilimpiga marufuku kuingia huko kwa sababu ya tuhuma za ufisadi. Julai 15, Mahakama ya Juu ikatupa rufaa yake ya kupinga kuondolewa ugavana wa Nairobi, na safari ya Mombasa ikaishia hapo. Kisha Desemba 2022 mahakama ya ufisadi ikamwachilia huru katika kesi nyingine, ya shilingi milioni 20, kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi, na ni swali la msingi: kama hakimu amesema hana hatia, kwa nini asigombee? Kesi ya jinai na kura ya kumwondoa gavana ni vitu viwili tofauti. Hakimu anataka ushahidi usioacha shaka kwamba kosa fulani lilitendeka, na akikosa humwachilia mshtakiwa. Bunge la kaunti na Seneti hupima kama mtu amekiuka Katiba katika ofisi aliyopewa, na wakimwondoa, Kifungu cha 75 cha Katiba kinamzuia kushika wadhifa mwingine wa dola. Hukumu ya mahakama ya chini haifuti kura ya Seneti. Mahakama yenye neno la mwisho kuhusu kura hiyo ilikuwa Mahakama ya Juu, na hiyo ilikuwa imeshasema.

Mwaka huo wa 2022 Nairobi ilipiga kura tena. Polycarp Igathe alikuwa kwenye karatasi, safari hii akiomba ugavana mwenyewe, na akashindwa na Johnson Sakaja. Sakaja alifika City Hall akiwa na naibu, James Njoroge Muchiri, na kazi zilizokuwa za NMS zikarudi kwa kaunti.