Flashi ikikataa, usikimbilie kulaumu telekomande

Finalisti mmoja ameniuliza anunue telekomande gani ya flashi za studio: ile ya bei kidogo ao ile ya bei kali? Anataka kuanza kupiga picha za kolasyo, apate makuta kidogo mbele ya kazi kupatikana. Ulizo ni zuri, lakini nikimjibu na jina la marka tu, nitakuwa nimemdanganya. Mimi mwenyewe nilinunua mbili mbele ya kuelewa kwamba ugonjwa haukukuwa pale.

Nieleze ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza wa kachumba kangu hapa Kakanda, kijana mmoja aliyetoka kudefandia kazi yake alileta mama yake wapigwe picha pamoja. Mama alikuwa amesafiri toka kijijini, kesho yake alipaswa kurudia. Kitenge kipya, kitambaa kichwani, amekaa wima kabisa. Nikafyatua: flashi ikawaka. Mara ya pili, giza. Ya tatu, giza. Ya nne ikawaka, lakini yeye alikuwa amekwisha kufumba macho kwa kuchoka kungoja. Katika picha 12, tano zilitoka nyeusi. Akaniuliza pole pole: “Mwana, iko nakatala juu yangu?” Nikamwambia, “Hapana mama, ni mashini tu.” Lakini niliona aibu yake, na ile aibu ilikuwa yangu. Nilimrudishia kijana nusu ya franka zake.

Basi tuingie ndani ya mambo.

Kwanza, kuchelewa na kukataa ni magonjwa mawili, na watu wengi wanayachanganya. Ndani ya kamera zetu nyingi kuna mapazia mawili mbele ya sensa. La kwanza linafunguka, la pili linafunga. Kwa mwendo wa 1/200 ya sekunde, ambao ndio mpaka wa kamera nyingi za wanaoanza, kuna kitambo kidogo sana ambapo sensa yote iko wazi. Pale ndipo kamera inatuma ishara, na flashi inapaswa kuwaka palepale. Telekomande ikichelewa hata sehemu ya milisekunde, pazia la pili limekwisha kuanza kufunga, na utaona mstari mweusi chini ya picha. Chini, ndiyo, maana picha inaingia kichwa chini ndani ya kamera. Ukiona mstari huo, dawa haina bei: shuka kwenye 1/125. Toka milisekunde 5 unafika kwenye 8, kwa hiyo unapata milisekunde 3 za kupumua. Na ndani ya studio, ambapo mwanga ni wa flashi peke yake, picha yako haitabadilika kitu.

Sasa picha ikitoka nyeusi yote, ule ni ugonjwa mwingine. Ndio ulionifanyia ile aibu.

Ishara inaweza kufika kwa flashi kwa njia tatu. Kuna kebo, ya zamani lakini aminifu. Kuna selule, lile jicho dogo nyuma ya flashi linaloona flashi nyingine ikiwaka na kuifuata. Na kuna radio. Selule ni ya bure, maana iko tayari kwenye flashi nyingi za studio, lakini haina akili: inafuata mwanga wowote wa ghafla. Mjomba akitoa kakamera kake kenye kuwasha mara mbili ili kuondoa macho mekundu, flashi zako zinafuata ule mwanga wa kwanza, halafu picha yako inazikuta zimekwisha kumwaga kila kitu. Na nje, chini ya jua la Katanga saa sita ya mchana, lile jicho haliwezi kutofautisha flashi na mbingu.

Radio ndiyo tunaita telekomande. Nyingi za leo zinasema kwenye gigahezi 2,4, palepale Wi-Fi na Bluetooth zinapozungumzia. Nyingine, hasa za zamani, ziko kwenye megahezi 433. Wimbi la 2,4 lina urefu wa sentimeta 12 na kitu, na maji yanalimeza. Mtu ni maji. Kwa hiyo jamaa ya watu 15 wakijipanga kati ya kamera na flashi, nusu yao wakiwa wamewasha partage ya connexion kwenye telefone, umeweka ukuta halafu ukaongeza kelele. Badilisha canal, pandisha flashi juu ya vichwa, na usibandike ile boksi ndogo ya kupokea kwenye mwili wa chuma wa flashi. Iache ininginie kwa uzi wake.

Karibu sana nayo si kuzuri, jambo ambalo wengi hawaamini. Ishara yenye nguvu nyingi inaziba masikio ya mpokeaji. Godox XPro, kwa mfano, ina sehemu kwenye menyu ya kuchagua metre 1 mpaka 100, ao 0 mpaka 30, kwa ajili ya hiyo. Kachumba kangu ni kadogo, na kwa miezi niliiacha kwenye 1 mpaka 100.

Lakini hata nilipogeuza, giza lilipungua tu, halikuisha. Hapo nikafanya kitu nilichopaswa kufanya mbele ya kununua kitu chochote. Nilikaa mbele ya ukuta mutupu, nikafyatua mara 50 kwa telekomande, nikihesabu kwenye karatasi. Halafu mara 50 kwa kebo, mwendo uleule, nguvu ileile. Kama kebo haikosi hata mara moja na telekomande inakosa, kosa ni la radio. Kama zote mbili zinakosa, flashi yenyewe ndiyo mugonjwa.

Kebo ilikosa pia.

Flashi ya studio inajaza kondensa yake mbele ya kila mwanga. Umeme ukiwa na nguvu, inachukua sekunde moja ao mbili. Saa kumi na mbili jioni, kila nyumba ikiwasha moto wa kupikia na taa, umeme unashuka, na kujaza kunachukua sekunde nne, tano. Mimi nilikuwa nafyatua kila sekunde mbili. Telekomande ilikuwa inafikisha ujumbe vizuri kabisa. Mpokeaji ndiye hakuwa na kitu mfukoni. Tangu siku ile nangoja mlio wa flashi, ule “pii”, na nimeteremsha nguvu mpaka nusu, maana nusu inajaa upesi zaidi. Mama yule alikuja jioni.

Halafu pile. Zile za bei ya chini za sokoni zinaanza vizuri, kisha zinachoka bila kusema: taa ya telekomande inawaka, lakini nguvu ya kutuma hakuna. Chukua za kuchaji, weka seti mbili. Na jua kwamba telekomande nyingi zinalala ukikawia. Bonyeza kamera nusu kwanza ili ziamke, usipoteze picha ya kwanza, maana mara nyingi ndiyo yenye uso wa kweli.

Jambo moja la hatari: flashi za zamani sana, za mkono wa pili, nyingine zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye tundu la kebo. Kamera ya leo inaweza kuungua. Pima na multimetre, ao mwombe fundi wa redio akupimie, mbele ya kuunganisha.

Kwa hiyo ndugu finalisti, nunua ile ya bei kidogo. Franka zinazobaki, nunua pile za kuchaji na kebo ya metre 5. Kisha fyatua mara 100 mbele ya ukuta, uniletee hesabu.

Yule kijana amenipigia simu juzi. Mama atarudi kwa kolasyo, anataka tujaribu tena. Nimemwambia waje asubuhi.